Karoti za Meza ya Kwanza

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla kabichi ya kwanza haijauzwa, soko zima la wakulima lilisimama kumsikiliza mwanamke mmoja muuza karoti. Si kwamba watu walipenda. Vipaza sauti viwili vilifungwa juu ya nguzo za lango, maiki ilikuwa mkononi mwake, na swichi ya kuzimia aliijua yeye peke yake. Watu wakamwita Spika, na yeye akalipokea jina hilo kama cheo.

"Wakulima na wanunuzi, hamjambo! Hizi ndizo habari za soko letu katika msimu huu wa sikukuu," angeanza, daftari limefunguliwa, miwani kwenye ncha ya pua. "Binti wa muuza maharage amefaulu mitihani, tunampongeza, ingawa mara ya kwanza alianguka. Sufuria ya kijani imeokotwa karibu na bomba; mwenye nayo aje aeleze ina tundu upande gani. Muuza asali amefunga ndoa wiki iliyopita. Waliochangia wanajijua, na wasiochangia wanajulikana. Kuanzia leo hadi sikukuu soko litafunguliwa na Jumatano pia. Na yule aliyeegemeza baiskeli kwenye mchicha wa watu, aje aiondoe kabla hatujamwondoa yeye."

Hivyo ndivyo alivyotoa habari. Pongezi moja, kofi moja. Watu walicheka, kisha kila mmoja akakaa akiomba Mungu Jumamosi ijayo asiwe yeye.

Lakini kilichokuwa moyoni mwake hasa si maiki. Ni meza. Meza ya kwanza ilikuwa pale pale langoni, chini ya bati pekee lisilovuja. Mnunuzi akiingia na kikapu kitupu na furaha ya sikukuu, kitu cha kwanza kugongana nacho ni karoti za Spika. Meza hiyo haikuwa mali ya mtu. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu, Mwenyekiti wa soko aliwauliza wakulima nani aikalie mwaka unaofuata, na wakulima walijibu kwa makofi. Mwenyekiti huyo alikuwa muuza mayai, mnene, mpole, mtu aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa kideri kuua kuku wake. Kwa miaka saba makofi yalikuwa ya Spika. Haikuwa kazi kubwa kuyapata, maana aliyeamua makofi yapi yamesikika vizuri alikuwa yeye mwenyewe, kwa maiki ile ile.

Juu ya lango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za gari la zimamoto: USIUZE USICHOKIPANDA. Ndiyo iliyokuwa sheria ya soko. Anayekwenda kununua vitu ghalani kwa bei ya jumla, akaja kuvipanga pale kana kwamba vimetoka shambani kwake, jina lake litatangazwa mara tatu, kisha afungashe aende. Sheria nzuri. Mtunzi wake alikuwa Spika, na mtu wa kwanza kukatwa nayo alikuwa wifi yake.

Hapo turudi nyuma kidogo. Mwaka juzi, msimu kama huu, meza ya pili ilikuwa ya mke wa kaka yake Spika, kaka wa tumbo moja, yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Wifi alilima juu kilimani, kwenye kishamba cha mawe ambacho Spika alikuwa akikicheka kila akipata nafasi. Karoti ikikutana na jiwe haina ujanja, inagawanyika. Kwa hiyo karoti za wifi zilikuwa na miguu miwili, nyingine mitatu, nyingine zimekunja nne kabisa. Lakini zilikuwa tamu. Tena mwanamke yule alikuwa msafi kupita kiasi. Aliziosha zote nyumbani, akazifunga mafungu mafungu, zikang'aa juu ya meza hata ukatamani kuitafuna moja hapo hapo. Wanunuzi wakaanza kuipita meza ya kwanza kwenda ya pili.

Spika alishikwa na wivu. Yeye mwenyewe aliuita uchunguzi.

"Karoti safi namna hii zimetoka shamba gani?" aliuliza kwa maiki, mbele ya soko zima. "Jamani, shambani siku hizi kuna sabuni?"

"Nimeziosha tu, wifi," yule mwanamke alisema. "Zilikuwa na udongo, nikaziosha."

"Mkulima wa kweli anaosha?"

Watu wakacheka, na wakishacheka kesi imekwisha. Kamati ya soko ilimsikiliza aliyekuwa na maiki. Jina la wifi likatangazwa mara tatu, naye akazifungasha karoti zake moja moja, taratibu, bila kumtazama mtu, akatoka. Jioni ile kaka alifika kwa dada yake, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Kwangu usikanyage mpaka umsafishe mke wangu kama ulivyomchafua," alisema, akaondoka.

Tangu siku hiyo Spika alikuwa amekula sikukuu mbili akitazamana na mumewe, fundi baiskeli, mwanamume mkimya ambaye hata kutafuna alitafuna kimya. Kabla ya hapo sikukuu zote zilikuwa kwa kaka, na watoto wa kaka, na kelele, na kugombania mnofu wa mwisho. Alikuwa anaumia. Lakini kumsafisha wifi maana yake ilikuwa kusema kwa maiki kwamba alikosea, na mdomo wake ulijua maneno yote isipokuwa hayo.

Sokoni nako kulizuka jambo jipya. Baada ya wifi kufukuzwa kwa sababu ya usafi, wakulima walielewa somo upesi sana. Mwanzoni waliacha tu kuosha. Kisha wakaona meza ya jirani ina udongo mwingi zaidi na wateja wengi zaidi, nao wakaongeza. Mwaka ulipogeuka, pale sokoni ungeweza kununua kiazi ukafika nyumbani na shamba la kutosha kuotesha kiazi kingine. Mwenyekiti mwenyewe mayai yake yalikuwa na manyoya, yamebandikwa vizuri mno, moja kwa kila yai, na hakuna kuku anayetaga kwa mpangilio huo. Wanunuzi walifurahi. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, alikuwa akiinua karoti yenye tope hadi puani, anafumba macho na kusema, "Hii ndiyo asili." Kisha anauliza kama kuna yenye tope zaidi.

Sasa mwaka huu. Spika alikuwa na shamba bondeni, udongo mweusi, laini, usio na jiwe hata la kumrushia mbwa. Karoti za bondeni zinatoka zimenyooka kama penseli, ili mradi ukubali kuinama. Mbegu za karoti humwagwa kwa wingi kwenye mstari, na zikishaota lazima upunguze miche, ung'oe mmoja uache mmoja, siku baada ya siku, mgongo ukilia, ili inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Spika hakuinama. Miezi ile alikuwa mjumbe wa ukaguzi. Alizunguka mashamba ya watu na daftari, akiwaonyesha kwa kidole miche ambayo hawajaipunguza.

"Hapa pamesongamana," aliwaambia. "Mnategemea karoti zinenepe vipi? Kwa maombi?"

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika sikukuu, aliingia bondeni na jembe uma, akiwa amekwisha kutangaza kwamba mwaka huu meza ya kwanza itakuwa na karoti ambazo hazijawahi kuonekana. Akang'oa ya kwanza. Ilikuwa na ukubwa wa kidole chake kidogo. Akang'oa ya pili, nayo ikawa ya kidole hicho hicho, ila cha mtoto. Aling'oa mstari mzima, akakaa chini matopeni na sketi yake. Hapo alikuwa amesema kweli, karoti za aina ile hazijawahi kuonekana.

Afanyeje? Meza ya kwanza ikikaa tupu Jumamosi ya mwisho, ndiyo Jumamosi ya makofi, meza itaondoka. Meza ikiondoka watu watauliza kwa nini. Wakiuliza watafika bondeni na daftari lao. Aliwajua watu aliowakagua. Walikuwa wanaisubiri siku hiyo kwa hamu.

Alhamisi mchana, mke na mume wakafunga tela nyuma ya baiskeli, wakaenda hadi mji wa pili ambako hakuna anayesikia habari za soko lao, kwenye ghala la jumla. Spika alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi na kuvaa miwani ya jua. Mwenye ghala alidhani ni mgonjwa wa macho, akampa pole.

"Karoti magunia manne," alinong'ona.

"Ongea kwa sauti, mama, sisikii."

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Ijumaa wakajifungia uani. Spika alileta ndoo ya udongo wa bondeni, maana hata katika uongo alitaka udongo uwe wake. Akauchanganya na maji kwenye beseni la bluu, akaongeza vijiko viwili vya unga wa ngano ili tope lishike. Karoti ilichovywa, ikaviringishwa kwenye vumbi kavu, ikalazwa kivulini juu ya gunia; ukiianika juani tope linapasuka, inaonekana imepakwa. Fundi baiskeli alichovya bila kusema neno, kama anavyotafuta tundu la mpira kwenye maji.

"Mke wangu," alisema mwishowe, "si tungewaambia tu kwamba mwaka huu hatukupata?"

"Chovya."

Walipofika chini ya magunia wakakutana na mchezo wa magunia yote ya jumla: juu zilikuwa zimenyooka, chini zimepinda. Robo nzima ilikuwa karoti zenye miguu miwili. Spika alipoziona alijua papo hapo haziwezi kukaa kwenye meza ya mtu wa bondeni. Udongo laini hautoi karoti iliyokunja nne. Mkulima yeyote anaona, hata kipofu kwa kushika. Akazirudisha kwenye gunia moja, akalifunga kamba.

"Hili lisifunguliwe," alimwambia mumewe. Lakini alisema akiwa na pini za nywele mdomoni, anajitengeneza kwa ajili ya kesho, na mume alisikia nusu. Walilipakia gunia kwenye tela pamoja na mengine.

Jumamosi soko lilifurika. Watu walikuwa na vikapu viwili viwili, watoto wamevalishwa nguo mpya kabla ya siku yake, utepe wa karatasi umefungwa toka nguzo hadi nguzo. Meza ya kwanza ilipanda kama kilima, karoti nyeusi kwa udongo, na majani juu. Mwalimu mstaafu alinusa, akakaribia kulia. Spika alimwachia mumewe meza, yeye akapanda kwenye kreti lake la kutangazia chini ya lango, akasoma habari. Kreti la soda lilipotea, likapatikana. Wazee wa mtaa wa juu wanashukuru kwa viazi walivyochangiwa, ila waliochangia viazi vilivyoota wajirekebishe. Saa nne kamili Mwenyekiti ataongoza makofi ya meza ya kwanza. Akasoma na sheria, kwa sauti ya kutetemesha bati: usiuze usichokipanda.

Ilipofika saa tatu na nusu karoti zilizonyooka zilikuwa zimekwisha. Fundi baiskeli akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona gunia lililofungwa kamba. Yeye ni mtu wa kumaliza kazi. Akalifungua, akalimwaga lote mezani, na kwa kuwa wateja walikuwa wanavutana, akapata ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao.

"Haya njooni!" aliita. "Karoti zenye miguu! Hizi hata kubeba hubebi, unatembea nazo!"

Watu walivunjika mbavu. Spika akageuka kutoka juu ya kreti aone kinachochekesha. Aliona mezani miguu mingi, imekunjwa, imepandana, na mbele ya miguu hiyo amesimama wifi yake na kikapu.

Wifi alikuwa amekuja kununua mayai. Hakuwa amekanyaga pale tangu afukuzwe, ila watoto walitaka mayai na sikukuu imefika. Alikuwa ameshika karoti moja, anaipangusa tope kwa kidole gumba, polepole. Spika aliruka kutoka kwenye kreti, akafika mezani anahema.

"Wifi! Karibu! Umepotea sana! Chukua yoyote, chukua bure, wifi yangu."

"Shemeji yangu ananiambia hizi ni za bondeni," wifi alisema. Hakupandisha sauti.

Fundi baiskeli alitazama viatu vyake.

"Udongo ni wa bondeni," Spika alisema. Walau hapo hakudanganya.

"Nakuuliza karoti." Wifi aliiinua ile aliyoishika. Ilikuwa na miguu miwili na kidonda cha mviringo katikati. "Hii imetoka mstari wangu wa juu, kwenye lile jiwe kubwa ulilokuwa unalicheka. Kila mwaka zinatoka na hili kovu. Uliponifukuza hapa, nilianza kumuuzia mwenye ghala. Ananipa bei ya kutupa, kwa sababu anajua sina pengine pa kwenda. Nimekesha na hizi, wifi. Nimezikuna udongo kwa brashi moja moja. Na wewe umezirudishia."

Maji yalikuwa yamemfika Spika shingoni, na kule nyuma Mwenyekiti alikuwa anapangusa mikono, anaangalia saa. Zilibaki dakika kumi kufika makofi.

"Unataka nini?" alinong'ona. "Sema. Usiniaibishe tu mbele ya watu, wifi, nakuomba."

"Mwaka juzi ulinitangaza mara tatu," wifi alisema. "Leo nitangaze mara moja. Sema karoti hizi ni zangu, nimezilima mimi. Usiposema, nitapanda kwenye lile kreti mimi mwenyewe, na sihitaji maiki."

Spika alirudi kwenye kreti lake. Alishika maiki. Akafungua daftari, ukurasa mtupu, akautazama kama una maandishi. Kweli ilikuwa imefika kwenye ulimi, ilikuwa inakaribia kutoka, na laiti ingekuwa na kasi kidogo ingetoka. Lakini mazoea ya miaka saba yaliiwahi.

"Wakulima na wanunuzi," alisema. "Habari maalumu. Karoti mnazoziona sasa hivi meza ya kwanza si zangu. Ni za wifi yangu. Amezilima yeye, mwenyewe, kilimani kwake." Hapo akavuta pumzi. "Na mimi, kwa huruma, kwa moyo wa sikukuu, nikasema hapana, hawezi kuhangaika nazo peke yake, acha nimpe nafasi kwenye meza yangu. Familia ni familia!"

Soko likalipuka. Wanawake wa mboga walipiga vigelegele. Muuza asali alifuta machozi. Wifi alibaki ameduwaa na karoti mkononi, kama mtu aliyedai ng'ombe wake aliyeibwa akaambiwa ashukuru kwa zawadi ya ng'ombe.

Ni mwalimu mstaafu peke yake aliyeinua mkono, mazoea ya darasani.

"Swali! Kama ni zake, amezilima yeye, na zina miguu kama zile za mwaka juzi, basi hata zile za mwaka juzi zilikuwa zake?"

Spika aliikaza maiki hadi ikalia.

"Mwaka juzi," alisema, "taarifa zilikuwa hazijakamilika."

"Na je, sheria inaruhusu mtu kuuza meza moja na..."

"Maswali yametosha!" Mwenyekiti alikurupuka. Sheria ikianza kuchambuliwa hadharani, itafika kwenye mayai, na unyoya mmoja ulikuwa umeanza kubanduka kwa joto. "Ndugu zangu, tumeguswa! Huyu mama ametufundisha upendo. Mimi nasema wifi yake arudi sokoni leo leo! Mnasemaje?"

Makofi. Mengi.

"Lakini meza ya pili ina mtu," muuza maharage alisema.

"Zote zina watu," akasema mwingine. "Ni msimu."

Mwenyekiti alikuna kichwa, kisha uso wake ukang'aa kwa wazo, na Spika, aliyekuwa anamfahamu, akaanza kutikisa kichwa.

"Si ameshampa nafasi kwenye meza ya kwanza? Kwa huruma yake mwenyewe? Basi tuikamilishe hiyo huruma! Meza ya kwanza, mwaka unaokuja, kwa wifi! Makofi!"

Bati lilitikisika. Safari hii makofi hayakuhitaji maiki kuyatangaza. Spika mwenyewe alipiga makofi, angefanyaje, soko zima lilikuwa linamtazama na kumpenda. Alipiga huku anatabasamu, meno yote nje, na machozi yakimtoka, na watu wakazidi kuguswa.

Aliposhuka, wifi alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza. Alilikuta beseni la bluu lenye tope la akiba, lililoletwa kwa ajili ya kurekebisha karoti zitakazobanduka tope. Akalitazama, akamtazama Spika. Alilibeba hadi bombani, akamwaga tope, akalisuuza mara mbili, akalijaza maji safi na kurudi nalo. Akaanza kuosha karoti, mguu kwa mguu, na kuzipanga. Rangi ikatokea. Wateja wakasogea. Mwanamke mmoja aliyenunua viazi meza ya nne akauliza kama na yeye anaweza kusuuza vyake hapo, avione, na meza ya nne ikapata kikohozi cha ghafla.

"Wifi," mke wa kaka yake alimwambia Spika bila kuinua kichwa, "sogea kidogo. Unanizibia wateja."

Spika akasogea. Alikaa pembeni juu ya gunia tupu, karibu na mumewe, ambaye alimpa kipande cha mkate na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alionekana kupumua. Saa sita hivi, msongamano ulipopungua, wifi alikuja kusimama mbele yake, anajifuta mikono.

"Kaka yako alikwambia usikanyage mpaka unisafishe. Leo umenisafisha nusu."

"Nusu vipi? Si nimekutangaza? Si una meza?"

"Umetangaza huruma yako. Mimi huruma sikuiomba." Alimaliza kujifuta mikono. "Njoo sikukuu. Nusu iliyobaki utamwambia kaka yako mwenyewe. Na uje na karoti, za sufuria. Za kwako."

"Wifi, unajua mwaka huu mimi sina..."

"Najua," wifi alisema, akarudi kwa wateja wake.

Asubuhi ya sikukuu Spika alishuka bondeni peke yake. Watu wote walikuwa majumbani, moshi wa majiko umetanda, hata wa kukagua hakuwepo. Aliinama. Aling'oa mstari baada ya mstari, akitupa nyuzi nyuzi, akibakiza zile ambazo mtu mwenye moyo mwema angeweza kuziita karoti. Alipata tisa. Mgongo ulimuuma hasa, na akakumbuka kwamba hivi ndivyo ulivyotakiwa kumuuma miezi mitatu iliyopita. Alikwenda kuziosha mtoni. Zikawa ndogo zaidi.

Kaka ndiye aliyefungua mlango. Nyuma yake kulikuwa na harufu ya nyama, sahani zinagongana, watoto wanagombania kiti. Wifi alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Spika alikuwa ameandaa hotuba tangu bondeni, yenye utangulizi na pongezi. Yote ikayeyuka.

"Zilikuwa zake," alisema. "Mwaka juzi zilikuwa zake, nami nilijua."

"Sisikii," kaka alisema.

Alikuwa anasikia vizuri sana. Spika alikohoa.

"Zilikuwa zake, na nilijua. Nilimwonea wivu."

"Mwaka juzi ulitangaza mara ngapi?"

"Tatu."

Kaka aliegemea mlango, akasubiri. Ndani, sahani ziliacha kugongana. Watoto walikuja wakapanga vichwa nyuma ya baba yao, mmoja juu ya mwingine. Na Spika, aliyezoea bati na vipaza sauti na umati, akasema mara ya tatu kwa sauti yake tupu, na alipomaliza akamsogezea kaka kikapu.

Kaka alinyoosha mkono, akachukua karoti moja kikapuni. Akaigeuza kwenye mwanga, akaipima kwa kidole chake kidogo. Kidole kilikuwa kirefu zaidi.

"Hizi ni zako kweli," alisema.

"Umejuaje, kaka?"

"Hizi hakuna ghala lingezipokea."

Watoto ndio walioanza kucheka, kisha wifi kule nyuma, akijificha kwa mwiko. Kaka akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja na kikapu kimoja, naye Spika akainamisha kichwa akapita.